Nguzo ya maili ya posta katikati ya soko: uchambuzi wa kisa cha ukarabati huko Saksonia

Kisa hiki kinahusu nguzo ya mawe ya karne ya 18 iliyosimama kwenye uwanja wa soko wa mji mdogo wa Saksonia, mashariki mwa Ujerumani. Jina la mji, mwaka uliochongwa, orodha kamili ya maandishi na majina ya wahusika yameondolewa, na baadhi ya vipimo vimesogezwa kidogo ili nguzo isitambulike. Kisa kimeandikwa kwa ajili ya wahifadhi, wachonga mawe na maofisa wa miji wanaopewa mnara wa zamani na kuambiwa tu: "Usafisheni, mpake rangi upya."

Uharibifu mkubwa wa nguzo hii haukuletwa na umri wala mvua. Uliletwa na matengenezo. Hilo ni kweli kwa jiwe lenyewe, na ni kweli vilevile kwa maandishi yake.

Usuli: nguzo hizi ni nini

Mwaka 1721 Friedrich August wa Kwanza, mtawala wa Saksonia ambaye pia alikuwa mfalme wa Poland na anayejulikana zaidi kama August mwenye Nguvu, aliagiza barabara za posta za nchi yake ziwekewe nguzo za mawe zenye umbali uliopimwa. Kazi ya kupima alikabidhiwa Adam Friedrich Zürner, mchungaji wa kanisa la Skassa karibu na Großenhain, ambaye tangu 1713 alikuwa akichora ramani za nchi kwa amri ya mtawala huyo. Zürner alipima njia kwa gari la farasi lenye mtambo wa kuhesabu mizunguko ya gurudumu. Kabla ya hapo, umbali kati ya miji mara nyingi ulikuwa wa kukadiria.

Vipimo vyake ni lazima vieleweke, kwa kuwa nusu ya makosa ya kisa hiki yanatoka hapo. Kipimo cha msingi kilikuwa ruti ya Dresden, sawa na mita 4.531. Ruti 1,000 zilifanya "saa" moja, yaani kilomita 4.531, ambayo ni takriban mwendo wa saa moja kwa miguu. Saa mbili zilifanya maili moja ya posta, kilomita 9.062. Nguzo za mijini huandika umbali kwa saa, kwa kifupisho *St.*, na sehemu za saa kwa thumuni: 1/8, 1/4, 3/8 na kuendelea. Thumuni moja ni ruti 125, yaani mita 566.

Kandokando ya barabara kulikuwa na nguzo za maili nzima, nguzo za nusu maili na mawe ya robo maili, kila moja na umbo lake ili dereva wa gari la posta aitambue kwa mbali. Mijini zilisimama nguzo kubwa kuliko zote, nguzo za umbali, zenye urefu wa dhiraa 8 za Dresden, yaani karibu mita 4.5 bila msingi. Ukizitazama kutoka chini kwenda juu utaona kitako, kisha kipande cha nembo chenye ngao za Saksonia na Poland-Lithuania chini ya taji, kisha shina la pande nne linalopungua kuelekea kileleni. Shina hubeba herufi AR (Augustus Rex, yaani Mfalme August), baragumu ya posta, mwaka, na orodha ya miji pamoja na saa zake kwa mwandiko wa Kijerumani cha kale.

Kwa amri ya awali, nguzo za umbali zilipaswa kusimama mbele ya kila lango la mji. Miji ndiyo iliyolipa, na malalamiko yalikuwa mengi. Baadhi ya miji midogo iliishia kusimamisha nguzo moja tu sokoni badala ya kadhaa malangoni, na upande mmoja wa shina ukahudumia njia moja ya kutokea mjini. Nguzo ya kisa hiki ni ya aina hiyo.

Baada ya 1815, Saksonia ilipoipoteza sehemu kubwa ya ardhi yake kwa Prussia, na hasa nchi ilipobadili urefu wa maili kuwa kilomita 7.5, nguzo hizi zilibaki bila kazi. Nyingine ziligeuzwa nguzo za mageti, nyingine zikazikwa kwenye madaraja na kuta. Ndiyo maana leo zilizosimama ni mchanganyiko wa mawe ya asili, vipande vilivyookolewa na nakala.

Hali iliyokutwa

Nguzo iliondolewa sokoni katika karne ya 19 ili magari ya mizigo yapate nafasi. Shina na kipande cha nembo vilinusurika, kitako na kilele vikapotea. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 wananchi waliokuwa na moyo mwema walichonga kitako na kilele kipya, wakairudisha nguzo sokoni. Walitumia vifaa bora vya wakati wao: saruji ya Portland kwenye viungo, na pini za chuma cha kawaida katikati ya kila kipande.

Majira ya kuchipua ya mwaka wa kisa, kipande cha jiwe chenye ukubwa wa ngumi kilidondoka kutoka kwenye nembo siku ya gulio. Hakuna aliyeumia. Baraza la mji lilikuwa na fedha za usafi na rangi peke yake. Mhifadhi aliyeitwa alikataa kuanza kusafisha, akaomba wiki tatu za uchunguzi kwanza. Huo ulikuwa uamuzi wa kwanza, nao ndio uliobeba mengine yote.

Siku ile ile nguzo ilizungushiwa uzio wa mita 3 kila upande, na kipande cha nembo kikafungwa kwa mikanda miwili ya nailoni juu ya vibao vya mbao vilivyofunikwa kitambaa kizito. Kanuni hapa ni kwamba mkanda usiguse jiwe, kwa sababu ukilowa na kukauka huning'inia na kusugua kingo.

Uchunguzi ulionyesha mambo manne.

Shina ni jiwe la mchanga gumu, la aina inayochimbwa Posta karibu na Pirna (ni jina la mahali, halihusiani na barua). Kipande cha nembo ni jiwe laini zaidi la aina ya Cotta, ambalo wachongaji walilipenda kwa kuwa hukubali michoro midogo, lakini lina udongo ndani na huchakaa upesi nje.

Kifaa cha kutambua chuma kilionyesha pini kwenye viungo vyote vitatu. Ufa wa nembo ulianzia hasa pale pini ilipo na kwenda juu kuelekea pembeni. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichokuwapo, na jiwe halina pa kukimbilia.

Unga wa jiwe ulitolewa kwa keekee ya milimita 8, polepole na bila maji, katika kina cha sentimita 0–1, 1–3 na 3–5, kwenye kimo cha sentimita 10, 40, 80 na 150 kutoka ardhini. Chumvi ilikuwa nyingi zaidi kwenye kimo cha 40, tena kwenye sentimita ya kwanza. Sehemu ilikuwa chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani, sehemu ilitoka kwenye saruji yenyewe.

Jambo la nne liligunduliwa kwa dira ya kawaida. Upande wa shina unaoorodhesha miji iliyoko mashariki ulikuwa unatazama kaskazini. Nguzo nzima ilikuwa imegeuzwa robo mzunguko ili nembo itazame ofisi ya baraza.

Kusoma maandishi kabla ya kugusa jiwe

Herufi zilikuwa zimepakwa rangi nyeusi mara nne. Kila mpakaji alifuata rangi ya aliyemtangulia badala ya kufuata mchongo, kwa hiyo kosa moja lilirithiwa tabaka baada ya tabaka.

Timu ilipiga picha kila upande usiku, taa ikimulika kutoka ubavuni kwa pembe ndogo: mara kutoka kushoto, mara kulia, mara juu, mara chini. Mchongo wa kina cha milimita 1 usioonekana mchana hutupa kivuli wazi chini ya mwanga wa namna hiyo. Kisha likaandaliwa jedwali la safu tano: maneno kama yalivyopakwa, maneno kama yalivyochongwa, saa, saa hizo kwa kilomita, na urefu wa njia ya zamani ya posta uliopimwa kwenye ramani.

Safu ya mwisho ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Mstari mmoja ulikuwa umepakwa saa 5 1/8, yaani kilomita 23.22. Njia ya zamani ilipimwa na kutoa kilomita 26.4. Tofauti ya zaidi ya kilomita 3 haiwezi kuwa ya Zürner, aliyehesabu hadi thumuni ya saa. Picha za usiku zilionyesha kwamba kilichochongwa ni 7/8: mstari wa juu wa tarakimu 7 ulikuwa umejaa rangi na vumbi. Saa 5 7/8 ni kilomita 26.62, na mita mia mbili na kitu zilizobaki ni chini ya nusu ya thumuni, kiasi cha kawaida kwa njia iliyosogezwa hapa na pale kwa karne tatu. Makosa ya namna hiyo yalipatikana matatu.

Mstari wa nne ulikuwa na tatizo tofauti. Mchongo wenyewe, ukiwa safi kabisa, ulitoa umbali uliozidi njia kwa nusu saa. Timu iliamua usiguswe. Kosa la mchongaji wa karne ya 18 ni sehemu ya ushahidi. Huenda hata si kosa, bali ni kumbukumbu ya njia iliyozunguka kinamasi au mto. Kosa la mpaka rangi wa karne ya 20 ni uchafu tu juu ya ushahidi huo. Tofauti hii ilibishaniwa sana barazani, na inafaa kuandikwa kwenye mkataba wa kazi yoyote ya aina hii kabla brashi haijafunguliwa.

Na kulikuwa na kibao. Kibao cha maelezo kando ya nguzo kilisema tarakimu zile ni maili. Kwa miongo kadhaa watoto wa shule walifundishwa pale sokoni kwamba Dresden ilikuwa mbali mara mbili ya ilivyo.

Maamuzi na sababu zake

*Kushusha au kutengeneza ikiwa imesimama.* Kushusha jiwe la zamani ni hatari, na mhifadhi mzuri hukwepa kufanya hivyo. Hapa hapakuwa na njia nyingine: pini zenye kutu zilikuwa ndani ya viungo, na bila kuzitoa ufa ungeendelea hata kama ungejazwa mara kumi.

*Nembo kubaki nje au kuingia ndani.* Hili ndilo lililogawanya watu. Wengine walisema nguzo bila nembo yake halisi ni sanamu ya maonyesho. Waliokuwa na mashaka walionyesha kwamba ufa umepita katikati, jiwe la Cotta limejaa chumvi, na ngozi ya juu ya ngao moja inatoka kwa mguso wa kidole. Iliamuliwa nembo halisi iende kwenye jumba la makumbusho la mji, chini ya paa, na nakala ya jiwe gumu zaidi isimame sokoni. Shina, ambalo ndilo lenye maneno, lingebaki nje kwa sababu lingeweza kustahimili. Nakala ilichongwa kwa kufuata ngao iliyosomeka, na upande wa nyuma wake ukachongwa tarehe ya nakala kwa herufi ndogo ili mtafiti wa baadaye asidanganyike.

*Kugeuza nguzo.* Baraza lilipenda nembo iendelee kutazama ofisi yake. Ofisi ya hifadhi ya urithi ilisisitiza kwamba nguzo ya umbali iliyotazama upande usio wake haifanyi kazi yake. Suluhisho lilikuwa jepesi kuliko mabishano. Nembo iko kwenye pande mbili zinazopeana mgongo, na nakala ni kipande peke yake. Shina lilirudishwa kwenye mwelekeo sahihi wa barabara nne, na nembo ikabaki kutazama ofisi kama ilivyokuwa. Wachongaji wa awali pengine hawakupanga hivyo. Uamuzi huu umeandikwa wazi kwenye kumbukumbu za kazi kuwa ni maafikiano, si ugunduzi.

*Saruji.* Ilitolewa yote. Mafundi waliowahi kukarabati nyumba za mawe ya matumbawe Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu wanaijua hali hii vizuri: ukuta wa chokaa ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hukosa pa kutokea, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, na kinachobomoka ni jiwe, si saruji. Kiungo kinapaswa kuwa sehemu dhaifu kuliko zote kwenye mnara. Kikichoka, kinachokwanguliwa na kujazwa upya ni kiungo.

Kazi ilivyofanyika

Shina lilikuwa na urefu wa mita 2.2, upana wa sentimita 50 chini na 35 juu. Hiyo ni karibu mita 0.4 za ujazo, na kwa jiwe la tani 2.2 kwa kila mita ya ujazo, uzito ni takriban kilo 880. Hesabu hii ifanywe kabla ya kuagiza kreni, kwa sababu watu wengi hukadiria nusu ya uzito wa kweli. Viungo vya saruji havikupigwa tindo. Vilitobolewa safu ya matundu na kukatwa kwa waya wa almasi, kisha shina likanyanyuliwa kwa mikanda miwili mipana, kila mmoja wa uwezo wa tani 2, na pedi za kitambaa kwenye kila ukingo. Minyororo haikuruhusiwa eneo la kazi.

Pini za zamani zilitolewa kwa keekee yenye kichwa kilicho wazi katikati, ikikata jiwe pembeni mwa pini hadi itoke nzima. Kuipiga au kuizungusha pini kungeufungua ufa. Pini mpya ni za chuma cha pua kisichoshika kutu hata penye chumvi, unene wa milimita 20, urefu wa milimita 300, ndani ya matundu ya milimita 28, zikamiminiwa uji wa madini usio na saruji ya kawaida.

Kuondoa chumvi ndiko kulikochukua muda. Kitako na sehemu ya chini ya shina vilifunikwa kwa bandiko la nyuzi za selulosi, mchanga na udongo wa bentonaiti, lililokandwa kwa maji yaliyokenekwa na kupakwa unene wa milimita 25. Bandiko hulowesha jiwe, huyeyusha chumvi, na linapokauka huivuta itoke nje. Linaachwa wiki tatu hadi nne, linatolewa likiwa kavu, linapimwa, linapakwa jingine. Makosa mawili hutokea hapa mara kwa mara. La kwanza ni kuliondoa mapema likiwa bado bichi, na chumvi ikabaki ndani ya jiwe. La pili ni kulipaka jembamba sana, likakauka kwa siku mbili na kupasuka kabla halijavuta chochote.

Mkataba uliweka mizunguko mitatu. Kipimo cha mzunguko wa tatu kilikuwa bado kinashuka, ishara kwamba wa nne ulihitajika. Ratiba haikuruhusu, kwa kuwa soko la Krismasi lilikuwa limekaribia na baraza lilitaka nguzo iwe imesimama.

Kwa haraka hiyo hiyo, kiimarishaji cha etili silikati kilipakwa sehemu za shina zilizokuwa zikitoa mchanga. Dawa hii hugeuka silika ndani ya vinyweleo vya jiwe kwa muda wa wiki tatu au nne, na inadai jiwe kavu lenye chumvi kidogo. Ilipakwa mwezi Oktoba, jiwe likiwa na unyevu zaidi ya ilivyoagizwa.

Msingi wa zamani wa zege ulivunjwa na mpya ukashushwa hadi sentimita 80, kina ambacho jalidi ya huko kwa kawaida haifiki, juu ya tabaka la kokoto. Kati ya msingi na kitako liliwekwa bamba la risasi la milimita 2 kuzuia unyevu kupanda. Mawe ya sakafu yalipewa mteremko wa asilimia 2 kuelekea nje, maji yasituame.

Kusimamisha: vipande vinne vya risasi vya milimita 40 kwa 40, unene milimita 3, viliwekwa kwenye kila kiungo, sentimita 5 kutoka ukingoni, ili vibebe uzito mota ikiwa bado laini na kuzuia kingo zisigusane. Kiungo kilijazwa mota ya chokaa inayogandia majini, ya daraja dhaifu, na mchanga uliochaguliwa kufanana rangi na jiwe. Timazi ilishushwa pande mbili kwa kila kipande. Shina linalopungua haliwezi kupimwa kwa pima maji iliyowekwa ubavuni. Lazima kupima kutoka mstari wa katikati.

Herufi zilipakwa mwishoni, na mtu mmoja tu, akifuata mchongo kwa jedwali mkononi. Chembe za rangi ya chini kabisa zilionyesha kijivu kilichoiva karibu na cheusi, na ndiyo iliyorudishwa, kwa rangi ya silikati inayopumua pamoja na jiwe.

Soko lenyewe

Nusu ya adui wa nguzo hii wako sokoni na wana haki ya kuwa pale. Wenye vibanda walikuwa wakifunga kamba za turubai kwenye shina. Taa za Krismasi ziliviringishwa kutoka kitakoni hadi kileleni, na misumari midogo ya kushikia waya ilikutwa kwenye kiungo cha juu. Malori yalikuwa yakirudi nyuma hadi nusu mita kutoka kwenye kitako.

Kukataza kwa kibao kusingesaidia. Mji uliweka soketi ya umeme ardhini mita 6 kutoka kwenye nguzo, pamoja na pete mbili za chuma za kufungia turubai. Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuigusa nguzo. Vigingi vinne vya granaiti vilisimamishwa mita 1.2 kutoka kitakoni. Chumvi ya barafu ilipigwa marufuku ndani ya mita 5, kokoto ndogo zitumike badala yake.

Kibao kipya kinaeleza saa na thumuni, na kinatoa mfano mmoja wa hesabu: saa 12 3/8 zidisha kwa 4.531, upate kilomita 56.07. Chini yake imechorwa ramani ndogo ya barabara nne.

Matokeo baada ya kipupwe cha nne

Ufa haujarudi na pini mpya hazina dalili ya kutu. Viungo vya chokaa vimechakaa kidogo upande wa magharibi unaopigwa na mvua, na fundi mmoja alivijaza upya kwa nusu siku bila kugusa jiwe.

Sehemu za shina zilizopakwa kiimarishaji Oktoba zina madoa meusi yanayoonekana baada ya mvua. Jiwe halikudhurika, ila madoa hayatatoka.

Kitako kimeanza tena kutoa mchanga kwenye pembe ya kaskazini mashariki. Vipimo vilionyesha chumvi mpya ya barabarani. Marufuku ya mita 5 ilikuwa kwenye maelekezo ya mji, lakini aliyesafisha theluji kwenye uwanja ule alikuwa mkandarasi wa nje, na mkataba wake haukubadilishwa.

Uchambuzi

Kilichofaulu zaidi ni jedwali. Lilikuwa kazi ya siku chache, karatasi na ramani, na ndilo lililogundua makosa matatu ya tarakimu. Kama timu ingeanza na usafi, ngozi nyembamba ya mchongo yenye mstari wa juu wa ile 7 ingeweza kuondoka pamoja na rangi, na 1/8 ingekuwa ukweli wa milele. Nguzo ya umbali ni chombo cha kupimia. Hukaguliwa kama chombo: je, inasema kweli, na je, inaelekeza kunakostahili?

Uamuzi wa kutenganisha hatima ya shina na ya nembo ulikuwa sahihi, ingawa uliumiza. Mara nyingi watu hubishana kana kwamba mnara mzima lazima uwe halisi au uwe nakala. Mawe mawili ya aina mbili, yaliyozeeka kwa namna mbili, yanastahili majibu mawili.

Kilichoshindwa ni ratiba. Mzunguko wa nne wa bandiko na wiki chache za kukausha vilikatwa kwa ajili ya sherehe ya siku moja. Kimkataba, kosa lilikuwa kuandika idadi ya mizunguko badala ya kiwango cha chumvi kinachotakiwa. Ukiandika "mizunguko mitatu", mkandarasi amemaliza kazi anapobandua wa tatu, chumvi iwepo isiwepo. Andika kiwango, kimo na kina kitakapopimwa, na ruhusu kazi ivuke hadi majira ya joto yanayofuata. Nguzo inaweza kungojea kwenye karakana. Imewahi kungojea miongo mingi pasipo paa.

La pili lililoshindwa ni kudhani kwamba agizo la mji linamfikia kila anayefanya kazi mjini. Soko lina wenye vibanda, wafunga taa, wasafisha theluji, wapiga deki wa mashine, na kila mmoja ana mkataba wake. Baada ya tukio la kitako, orodha ya mikataba yote inayogusa uwanja ilipitiwa na kifungu kimoja kikaongezwa kwenye kila mkataba: hakuna chumvi, hakuna maji ya shinikizo, hakuna kamba ndani ya vigingi. Sasa mtu mmoja wa idara ya kazi za mji hupima kitako kila Machi, theluji ikishayeyuka, kwa karatasi ya kupimia kloridi na picha nne kutoka alama zilezile za sakafuni, na bandiko jipya limepangwa kwa pembe ile kuanzia Mei, bila tarehe ya kumaliza.